Kichaka Chenye Mwenyewe

Assalaam alaikum, na msiotumia salamu hiyo, amani ya Mungu iwe nanyi vilevile. Ninaandika haya kwa ajili yenu vijana wa Newala, Kitangari na Masasi, hasa ninyi mnaoendesha bodaboda na vigari vya mizigo kwenye mchanga wetu. Mimi niliuendesha mchanga huo tangu nikiwa utingo mpaka macho yaliponiambia basi, na kwa neema ya Mungu nimestaafu nikiwa na miguu yote miwili.

Juzi nilikuwa nimekaa nyumbani kwangu Kitangari. Kijana mmoja akakwama mbele ya mlango wangu. Akakanyaga mafuta, gurudumu likazunguka, mchanga ukaruka mpaka kwenye ukuta niliokuwa nimeupaka chokaa kwa ajili ya Idi.

"Zima, mjukuu wangu," nikamwambia.

"Babu, nikizima haitoki."

"Hata sasa haitoki."

Akafikiri kidogo, akazima. Tukaenda kuangalia pamoja. Tairi la nyuma limejaa upepo mpaka linalia ukiligonga kwa kidole. Nikamwonyesha namna ya kulilegeza. Tairi gumu hukata mchanga kama kisu. Lililolegea hutembea juu yake kama unyayo wa bibi yangu alipokuwa akipanda kutoka bondeni na ndoo ya maji kichwani. Unyayo ule ulikuwa mpana, na haukuzama hata siku moja.

Mchanga ni kama mtoto aliyesusa. Ukimvuta kwa nguvu anakaa chini. Ukitaka kusimama, usikanyage breki. Liache gari lichoke lenyewe, na kichwa chake kitazame mteremko. Safiri asubuhi, umande ungali umeushika mchanga, maana saa nane mchana utakuta umekuwa unga. Na ukisikia injini imebadili sauti, usingoje kuona kwa macho. Sikio hujua kabla ya jicho.

Maneno hayo si yangu. Ni ya Mzee Lipato, dereva wa lori la ushirika, ambaye mimi nilikuwa utingo wake. Lori lile lilibeba korosho wakati wa msimu, na kiangazi lilibeba mapipa ya maji kuyapeleka vijiji vya juu. Mzee Lipato hakuwa mtu wa maneno. Akiwa kwenye gia ya kwanza hakujibu hata salamu. Watu wa njiani walijua, wakamsamehe. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini anafungua dirisha wakati vumbi linaingia. Akanyamaza mpaka tukafika Mnyambe, akashusha mzigo wote, akala, ndipo akanijibu: "Nasikiliza."

Tulipokwama sana, tulifanya wanavyofanya madereva wote wa huku: tulikata matawi ya mkorosho tukayatandika mbele ya magurudumu. Jani la mkorosho ni pana, gumu, halina mwiba, na gari hupanda juu yake kama juu ya mkeka. Lakini Mzee Lipato alikuwa na utaratibu wake. Gari likishatoka, halisongi mbele mpaka ametafuta nyumba ya mwenye mti. Uwe mkorosho wa tajiri au wa mjane, unakwenda, unavua kofia, unasema mwenyewe kabla hajasikia kwa watu.

Nakumbuka mama mmoja wa Mnyambe, Mama Hadija, tuliyemkuta anatwanga.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama, nimekata matawi ya mkorosho wako, ule wa kando ya barabara. Gari lilizama."

"Ule wenye maua?"

"Ndio wenye maua."

"Na ule usio na maua uliuruka kwa nini?"

"Ulikuwa mbali, mama, na mimi mzee."

"Wewe mzee, lakini panga lako bado kijana." Akaendelea kutwanga. Sisi tukasimama pale kama watoto waliochelewa chuoni. Mwisho akasema, "Haya, nendeni. Mkirudi mniletee maji." Tulimletea, na Mzee Lipato akahakikisha limejaa pipa zima.

Mimi nilisoma chuo cha Kurani kwa marehemu baba yangu, na tangu utotoni nilifundishwa kwamba dhambi yako kwa Mungu utaipeleka kwa Mungu, naye ni mwingi wa rehema. Lakini haki ya mtu iko mkononi mwa mtu, na huwezi kuizunguka kwa sala. Nilikuwa naijua habari hiyo kwa moyo, naweza kuisoma nikiwa nimefumba macho. Lakini kwa Mzee Lipato nilijifunza kwamba habari hiyo ina miguu, na wakati mwingine inakutembeza juani.

Kisha ikaja ile miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kupanda Newala na magari yao, magari ya ushirika yakaegeshwa, nyasi zikaota mpaka usawa wa vioo. Sisi madereva tukapewa mkono wa kwaheri. Mzee Lipato alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na nilishukuru kwamba hakuona lori lake likivutwa kwa kamba.

Nilikaa nikilima. Siku moja tajiri mmoja wa Masasi, aliyepata mali kwa korosho, akanitumia mtu. Alikuwa amenunua lori kuukuu mnadani, akalifungia viti na turubai, akashirikiana na mwenzake wa Dar es Salaam kupeleka wazungu safari ndefu: wanapitia Mbeya, Zambia, mpaka Namibia, kutazama jangwa la mchanga lililofanywa hifadhi ya taifa. Alikuwa na madereva wa mjini, lakini kila walipofika kwenye mchanga, walirudi na klachi imeungua. Mtu akamwambia, "Ukitaka dereva wa mchanga, panda Newala."

Akanijaribu palepale, njia ya Mnyambe, saa nane mchana, lori limejaa magunia. Nilipunguza upepo, nikafungua dirisha, nikaenda. Tajiri aliyekuwa pembeni yangu aliongea mwanzo hadi mwisho, sikumjibu neno. Tulipofika akasema, "Huyu amepita, lakini ana kiburi."

Fundi wa safari alikuwa Cosmas, Baba Anjela, Mmakua wa Masasi, mtani wangu mimi Mmakonde. Mjue kwamba mtani ni mtu anayeweza kukutukana kuanzia Tunduma mpaka Livingstone, na akinyamaza unapata wasiwasi kwamba anaumwa. Alikuwa Mkristo wa kweli, haanzi safari bila kupiga ishara ya msalaba kwenye usukani, na mimi husoma dua yangu, kwa hiyo lile gari lilikuwa limelindwa kila upande isipokuwa rejeta, ambayo ilivuja.

Sasa niwaambie habari za ile hifadhi. Vijana wangu, ninyi mmezoea mchanga wa barabarani. Fikirini mchanga uliosimama. Fikirini mtu amesimama Shimo la Mungu pale Newala akatazama chini bondeni, kisha bonde lile lote likawa limejazwa mchanga mwekundu, ukapanda juu kuliko alipokuwa amesimama, ukaendelea mpaka upeo wa macho. Upepo unakata kilele cha kila kilima kikawa chembamba kama makali ya jembe jipya. Asubuhi upande mmoja unang'aa kama moto wa makaa na upande mwingine ni mweusi. Nilipoviona vilima vile mara ya kwanza nilizima injini bila kuambiwa. Wageni wakadhani tumeharibikiwa.

"Mtani," Cosmas akasema taratibu, "huku ndiko mnakotoka ninyi Wamakonde. Hakuna maji kabisa."

"Sisi tunayafuata bondeni. Ninyi mnakaa juu yake na bado hamwogi."

Alfajiri ile nilipotaka kusali, nilitayamamu kwa mchanga. Maji tuliyokuwa nayo yalikuwa ya kunywa, nayo yalikuwa ya wageni. Cosmas akanitazama nikipaka vumbi usoni na mikononi, akangoja nimalize sala, ndipo akauliza kama hiyo inahesabika. Nikamwambia inahesabika, Mungu hamdai mtu asichonacho. Akasema kwa hiyo mimi sasa ndiye Mmakonde msafi kuliko wote duniani, maana udongo wote huu ni wangu.

Hifadhini tulipewa askari wa kutuongoza, Petrus. Alipotusikia tunaongea, akaruka kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa ameishi Tanzania miaka mingi pamoja na wapigania uhuru wa nchi yao, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, cha "ndugu" na "ahsante sana". Alituuliza kama bado tunakula mchicha. Nikamwambia mchicha upo, ushirika ndio haupo. Akacheka mpaka akafuta machozi, ingawa mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Asubuhi hiyo Petrus aliwachukua wageni kupanda kilima kikubwa kwa miguu kabla ya jua kali. Sisi tukabaki na kazi ya kulizungusha lori tukawangoje upande wa pili, tukifuata njia iliyopita kando ya mto mkavu. Usiku ule upepo ulikuwa umemwaga mchanga juu ya njia. Tukaingia, nikasikia injini imebadili sauti, lakini lori lilikuwa refu na mteremko haukuwepo. Tukazama mpaka kwenye difu.

Nilishuka na beleshi, nikaingia chini ya gari kuchimba. Cosmas naye akafanya alichofanya maisha yake yote. Alichukua panga. Kulikuwa na kichaka kimoja kikubwa juu ya tuta la mchanga, hakina majani kabisa, matawi yake ya kijani yamesukana kama nywele za mwendawazimu. Nilisikia panga likilia. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Tulikuwa jangwani, hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna njia ya miguu. Nani angemiliki kichaka mahali kama pale? Akaniletea mafungu, nikayapokea, nikayatandika mwenyewe.

Lori lilitoka vizuri sana. Lilitoka likaenda hatua chache, kisha likaanza kushuka upande wa kushoto, pole pole, kama mzee anayeketi. Halafu na upande wa kulia.

Matawi yale yalikuwa na miiba. Tena miiba mirefu, miwilimiwili, kila mahali, na sisi tulikuwa tumelegeza matairi yakawa laini kama maandazi. Mkorosho ulikuwa umetudekeza miaka yote hiyo.

"Baba Salma," Cosmas akaniita, amesimama na panga mkononi. Hivyo ndivyo alivyoniita pale mambo yalipokuwa mabaya. Kwenye mambo mazuri niliitwa mtani tu. "Huu mti una hasira."

Tukafungua matairi, tukatoa tyubu, tukaanza kubandika viraka na kupampu kwa mkono. Jua likapanda. Petrus alipoona hatufiki upande wa pili, aliwarudisha wageni kwa kufuata alama za matairi yetu. Nilimwona akija anatabasamu, akitaka kututania. Kisha akaona kichaka. Akasimama. Alikwenda mpaka pale, akapiga magoti, akaokota kitu, akarudi nacho kwenye kiganja. Kilikuwa kitunda kidogo cha kijani, cha mviringo, chenye miiba, kama tikiti la mtoto wa mdoli.

"Ndugu zangu," akasema, "mmekata nara."

Akatueleza. Ndani ya hifadhi ile, kando ya ule mto mkavu, wanaishi watu waliokuwapo kabla ya hifadhi. Chakula chao cha tangu mababu ni tunda la kichaka hicho, nara. Wanachemsha nyama yake, wanakausha mbegu zake, wanakula, wanauza. Na vichaka vile havikuota ovyo. Kila kimoja kina ukoo wake; mama anamrithisha binti yake kama kwetu mtu anavyorithi mkorosho.

"Hiki ni cha nani?" nikauliza.

"Cha Bibi Raheli. Na msimu unaanza. Atakuja na mkokoteni wake."

"Lini?"

Petrus akatazama kando ya mto. "Ndiye yule."

Kwa mbali tuliona punda wawili na mkokoteni, na mtu mmoja mdogo amekaa juu yake wima.

Cosmas akasema kwa sauti ndogo, "Tunaweza kumaliza tairi la mwisho tukaondoka kabla hajafika. Petrus atamweleza." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa uso wa bibi, na hata mimi nilikuwa nauogopa. Wageni nao walikuwa wamechoka, wana kiu, na tajiri alikuwa ametupangia kulala mji mwingine usiku ule.

"Tukiondoka," nikamwambia, "tutakwenda na deni hili mpaka Masasi."

Akaweka pampu chini. Akaninyooshea mkono nimvute asimame, tukaenda kumlaki njiani, nimevua kofia. Niliona ni afadhali atusikie sisi kabla hajakiona kichaka.

Bibi Raheli alikuwa mkavu na mwepesi, amevaa gauni refu na kitambaa kichwani, miguu imejaa chumvi ya jangwa. Nilimwambia shikamoo. Petrus akaitafsiri, sijui kwa neno gani, maana lugha yao ina milio ya ulimi ambayo Cosmas alijaribu kuiga jioni ile akajiuma. Nikasema: "Bibi, tumekata kichaka chako. Tulikwama. Hatukujua kina mwenyewe, lakini hata kama hatukujua, tumekikata."

Alishuka mkokotenini. Akakizunguka kichaka. Akahesabu kitu kwa vidole, akainama upande tuliokata, akachota mchanga, akauacha uanguke kupitia vidole vyake, akautazama unavyopeperuka. Kisha akaongea muda mrefu, na Petrus alikuwa akitafsiri kwa vipandevipande.

"Anasema matunda mliyoangusha si neno, yalikuwa machanga. Matawi pia yataota. Anasema shida si hiyo." Petrus akasikiliza tena. "Anasema nara haikai juu ya kilima cha mchanga. Nara ndiyo inayokishika. Matawi yanadaka mchanga unaopita, mchanga unafunika mzizi, mzizi unashuka mbali kutafuta maji. Ninyi mmekata upande unaopokea upepo. Sasa upepo utaula huu mchanga kidogo kidogo, mzizi utabaki uchi, kichaka kitakufa. Mama yake alikikuta kikiwa tayari kikubwa."

Cosmas alikuwa anatazama mikono yake.

"Muulize," akasema Cosmas mwishowe, "tukiyarudisha matawi yale, je? Si yaote. Yasimame tu. Kama ukuta wa fito."

Petrus akamtafsiria. Bibi akamtazama Cosmas kwa mara ya kwanza, akauliza neno moja.

"Anauliza ukuta wa fito ni nini."

Cosmas akapiga magoti mchangani akamwonyesha. Vijana, ninyi mnajua: huko kwetu nani hajui kusimamisha miti, kuiingiza chini, kuisuka katikati kabla ya kukandika udongo? Alichukua vijiti vidogo, akavisimamisha, akavisuka, akapuliza kwa mdomo, mchanga ukajikusanya mbele yake. Bibi akapuliza na yeye. Kisha akaelekeza kwa kidevu matawi yaliyokuwa yamelala chini ya magurudumu.

Basi tukayafukua moja moja. Mengine yalikuwa yamevunjwavunjwa na tairi, tukayatumia hivyohivyo. Kuisuka miiba ile hakuna glovu inayosaidia, glovu zinanasa. Tulisuka kwa mikono mitupu, tukitoa miiba kwa meno. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alishuka kutoka kivulini bila kuambiwa, akaanza kutushikia matawi, na wengine wakafuata, mpaka tukawa mstari mzima juani tumeinama kama watu wanaopanda mpunga. Cosmas alipochomwa hasa alisema, "Hii ndiyo saruji ya Wamakonde," nikamwambia Mmakua akiona kichaka mkono wenyewe huenda kwenye panga, sasa mkono unapata malipo yake. Petrus alitaka kutafsiri, bibi akamzuia. Nadhani alielewa kwamba tunataniana. Sauti ya utani ni moja kila mahali.

Tulipomaliza, ukuta ulikuwa umezunguka upande wa upepo, mfupi, mbaya kwa macho, lakini umesimama. Mchanga ulikuwa tayari umeanza kulala mbele yake.

Nikamwendea bibi. "Bibi, tunaomba utusamehe."

Akakitazama kichaka, akatikisa kichwa. Petrus alisita kabla ya kutafsiri. "Anasema bado. Anasema kichaka kikizaa, ataona."

Tuliondoka na neno hilo. Tulifika mji tuliopangiwa tumechelewa, tajiri akaja kusikia, akanisema kwa simu mpaka simu ikaishiwa maneno. Tuliwarudisha wageni wote salama, nikarudi Kitangari kupalilia.

Sasa, ninyi mnaweza kudhani mtu husahau kichaka kimoja cha nchi ya mbali. Sikusahau. Nilikuwa nikisali, nikifika kwenye kuomba msamaha, namwona yule bibi anatikisa kichwa. Sikumlaumu. Alikuwa na haki ya kunyima. Msamaha unaolazimishwa ni unyang'anyi mwingine. Nilimwomba Mungu tu akinyeshee kichaka kile umande. Na Cosmas, ambaye aliucheka hata msiba wa kuku wake, hakulicheka jambo hilo. Aliniambia kwamba kanisani kwao Masasi, wanapofika pale pa kupeana amani, anampa jirani mkono na moyoni anasema, kuna mmoja sijampa.

Msimu uliofuata tajiri alitaka tuache ile njia ya kando ya mto. Kulikuwa na barabara nzuri zaidi ya kufikia vilima.

"Tajiri," nikamwambia, "mimi naomba tupite kulekule. Nina deni huko."

"Deni la nani?"

"La kichaka."

Akanitazama, akamtazama Cosmas, akaona hatucheki. Akasema wazee wa kusini wana mambo, lakini kwa kuwa wageni walikuwa wameisifu ile njia, tupite.

Tulimkuta Petrus. Hakutuambia lolote, alisema tu, "Twendeni mkaone." Tuliliacha lori mbali, mahali pagumu, tukatembea. Niliogopa kuliko siku niliyojaribiwa njia ya Mnyambe. Wa kwanza kukiona alikuwa Cosmas, na alisimama kabisa, nikampita.

Ukuta wetu haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa wote. Mchanga umeupanda, umejaa nyuma yake, na tuta la kichaka lilikuwa kubwa kuliko mwanzo. Juu yake matawi mapya ya kijani yalikuwa yametokeza upande ule ule wa upepo. Na ndani ya matawi, yamefichama miibani, kulikuwa na matunda. Hayakuwa mengi. Lakini yalikuwapo, makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga.

Bibi Raheli alikuwa upande wa pili, ameinama, na punda wake wamesimama. Alitusikia akainuka. Nikamwamkia shikamoo, na safari hii alijibu mwenyewe bila Petrus, "Marahaba," maana alikuwa amemuuliza Petrus lile neno jibu lake ni lipi.

Cosmas hakungoja salamu ziishe. Alivua kofia akaishika kifuani. "Petrus, mwambie bibi kichaka kimezaa. Mwambie tunauliza kama sasa ametusamehe."

Petrus akasema. Bibi akasikiliza, kisha akacheka, kicheko kidogo, cha mtu asiyekuwa na meno mengi ya kukipitisha. Akaongea, na Petrus naye akaanza kucheka kabla hajatafsiri.

"Anasema alikusameheni siku ileile. Wewe, anakuelekezea wewe mwenye kofia kifuani, ulipokuwa unatoa miiba kwa meno, ndipo alipokusamehe. Lakini anasema, kama angewaambia, mngerudi?"

Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba hakutuambia.

Cosmas alifuta uso kwa kofia yake. "Mwambie," akasema, "bibi huyu ni Mmakua."

Bibi hakungoja tafsiri. Alishatugeuzia mgongo, akaukokota mfuko wake mtupu mpaka miguuni petu, akaonyesha matunda, akaonyesha mkokoteni. Wageni walipanda kilima chao bila sisi siku ile. Sisi tulibeba matunda ya Bibi Raheli mpaka alasiri.